Kiwango cha Sita

Andongwisye Chaula alikufa akiwa ameketi mezani, kikombe cha chai mkononi, na hakuwa amekohoa hata mara moja. Waliokuwa naye walidhani amesinzia. Ilikuwa saa mbili asubuhi, zamu ya pili ya wachimbaji ikijiandaa kushuka, na Gwantwa, mpishi wa bwalo, alipopita kukusanya vyombo ndipo alipomgusa bega na kumwona analala upande kama gunia lililokatwa kamba.

Daktari Subilaga Tweve aliupasua mwili mchana huohuo. Alitarajia kukuta moyo uliochoka. Alichokuta ni mapafu yaliyojaa usaha toka chini hadi juu, mazito kama ini. Ilikuwa nimonia, tena ya siku nyingi. Mtu mwenye mapafu ya namna ile alipaswa kuwa kitandani wiki nzima, akitetemeka, kifua kikimchoma kila avutapo pumzi. Lakini daftari la zamu lilionyesha kwamba Andongwisye hakukosa kazi hata siku moja, na jioni ya kuamkia kifo chake alicheza bao akawafunga watu wawili.

Subilaga alinawa mikono, akakaa kwenye kiti cha chuma, akatazama mkono wa kushoto wa marehemu. Kovu lilikuwa pale, jipya, halijapona vizuri.

Katika mji ule kila mtu alikuwa na kovu kama lile. Mji wenyewe ulichimbwa ndani ya mwamba wa milima ya Kipengere, na wakazi wake waliuita Ndani, basi. Watu mia tisa walivuta hewa ileile iliyozungushwa na feni zilezile, wakichimba handaki la kupeleka maji Usangu. Katika mahali pa namna hiyo kikohozi cha mtu mmoja kingekuwa kikohozi cha wote. Kwa hiyo kila mtoto alipotimiza mwaka alipandikiziwa kitulizo chini ya ngozi ya mkono, kidude cha ukubwa wa mbegu ya papai. Kilisoma protini za mchochota katika damu, zile ambazo mwili huzimwaga unapovamiwa, zinazoleta homa, uvimbe, kamasi na maumivu. Kila zilipotaka kupanda, kilizishusha. Kiwango cha mji mzima kilikuwa cha pili kati ya kumi, na kiliwekwa kutoka meza ya Subilaga. Kwa miaka saba aliyokaa Ndani hakuwa ameona homa kwa mtu yeyote mwenye kitulizo, na kila alipokwenda likizo kwao Njombe alikisifia kidude kile mbele ya madaktari wenzake mpaka wakamchoka.

Alifungua kumbukumbu za Andongwisye. Siku kumi kabla, kitulizo chake cha zamani kilikufa na alingoja saa thelathini na sita kupandikiziwa kingine. Katika saa hizo, msaidizi wa zahanati alikuwa ameandika, mgonjwa alitokwa na kamasi nyingi. Baadaye kidude kipya kiliwashwa na kamasi zikakoma. Kila mtu alifurahi.

Subilaga akauliza bwaloni ni nani waliokula na marehemu siku zile mbili. Walikuwa watatu tu, kwa sababu mezani kwake hapakuwa na nafasi zaidi: Gwantwa mwenyewe, ambaye hula mwisho baada ya kuwapakulia wengine, Lugano, kijana wa miaka ishirini na miwili anayeendesha mtambo wa kuchoronga mwamba, na Ilomo, mchomelea mabomba, mtu wa miaka sitini na mitatu. Aliwaita. Wote walikuja wakicheka, wakidai wako salama kama jiwe. Aliwapiga picha za kifua. Katika kila picha, chini upande wa kulia, kulikuwa na wingu jeupe.

*

Dawa hazikusaidia. Zahanati ilikuwa na aina mbili za kuua bakteria, na Subilaga alipozijaribu kwenye sahani za kuoteshea, bakteria wale walistawi kana kwamba wamemwagiwa maziwa. Dawa iliyofaa ilikuwepo Iringa. Lakini maporomoko yalikuwa yameziba barabara tangu wiki iliyopita, na upepo wa mlimani ulikuwa haujaruhusu ndege isiyo na rubani kuruka. Wataalamu wa hali ya hewa walisema siku nane, labda tisa.

Alipima damu na pua za watu mia mbili. Hakuna mwingine aliyekuwa na bakteria wale, na hapo ndipo alipoielewa hadithi yote, akakaa nayo peke yake kwa muda kabla ya kwenda kuisema.

Alimkuta Mhandisi Mahenge, mkuu wa mji, ofisini kwake, amesimama mbele ya ramani ya mahandaki. Alimweleza taratibu. Protini zile zina kazi mbili. Zikipanda puani, pua hutoa kamasi, na bakteria waliokuwa wamekaa kimya humo hutoka wakiwa wamepanda matone hayo kwenda kwa jirani. Hivyo ndivyo Andongwisye alivyowaambukiza wenzake katika zile saa thelathini na sita, na ndiyo sababu hakumwambukiza mtu mwingine yeyote baada ya kitulizo kipya kuwashwa. Lakini protini hizohizo zikipanda kifuani, huita chembe nyeupe za damu zije kula bakteria. Zikizimwa, jirani anasalimika na mwenye kifua anaoza ndani kwa ndani bila kujua.

Mahenge alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza anataka nini.

Alitaka kuwapandishia wale watatu kiwango. Si hadi kumi, kwa sababu moto ukizidi huzitoboa kuta za mapafu na bakteria wakaingia kwenye damu, na hapo hakuna kurudi. Alitaka kiwango cha sita, kwa uangalizi, mpaka dawa ifike.

Mhandisi alisema hapana. Hakulisema kwa hasira. Alikumbusha kwamba Ndani kulikuwa na watoto arobaini na mmoja ambao hawajafikisha mwaka, ambao hawana kitulizo, na ambao tone moja la kamasi lingewatosha. Mmoja wao alikuwa mjukuu wake, Tusekile, wa miezi minane. Hakuuficha ukweli huo. Alisema yeye si mtu wa kumpima mtu kwa mtu, ila akilazimishwa kupima, mizani inaonekana wazi.

Subilaga alijibu kwamba mizani ile alikwisha kuitazama. Akasema pia jambo ambalo hakupanga kulisema.

"Mhandisi, ningeweza kuwapandishia nikiwa mezani kwangu, na usingejua. Ningeweza pia kuwaacha hivyo walivyo. Wasingeumwa. Wangecheka mpaka asubuhi wanayokufa, kama Andongwisye. Nimekaa na hayo mawili tangu jana, na yote mawili yananitia aibu, kwa sababu katika yote hakuna aliyeulizwa."

Mahenge alirudi kwenye kiti chake. Kisha akasema angependa kuwauliza wao wenyewe, na yeye awepo.

*

Waliulizwa zahanatini, wakiwa wamekaa kwenye benchi moja. Subilaga aliwaonyesha picha zao na kuwaambia kila kitu: kwamba wakikaa kimya hivi, kwa hesabu zake, Gwantwa ana siku tano na wengine sita au saba, kwamba wakipandishwa watateseka na huenda wakafa vilevile, na kwamba wakiwa juu watakuwa hatari kwa kila atakayewakaribia, hasa watoto.

Lugano alicheka kidogo, halafu akaacha. Alijipapasa kifua kana kwamba anatafuta kitu kilichompotea mfukoni. Alisema hasikii chochote, chochote kabisa, na kwamba hilo sasa ndilo lililokuwa linamwogopesha. Alitaka kupandishwa.

Gwantwa aliuliza ni nani atakayepika. Alipoambiwa atapatikana mtu, alisema basi na yeye apandishwe.

Ilomo alikataa. Ndiye pekee kati yao aliyewahi kuwa na homa, zamani, utotoni Makete, kabla ya vitulizo. Aliwaambia kwamba mdogo wake alikufa kwa kichomi mikononi mwa mama yao, akipumua kama mbwa aliyekimbia, na sauti ile hajaisahau. Ikiwa kuna kufa bila sauti ile, yeye atachukua huko. Isitoshe, hataki kuwa mtu aliyeua watoto wa watu ili aongeze miaka miwili.

Mahenge alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Alisema handaki la nne lilikuwa tupu, na lilikuwa na tundu lake la hewa linalotokea mlimani. Angeweza kugeuza feni zake zivute hewa kutoka mjini kuingia humo na kuitoa nje, isirudi kamwe. Kungekuwa na baridi kali. Alitoa masharti mawili: Ilomo naye aingie, hata kama hapandishwi, kwa kuwa naye ana bakteria, na atakayewahudumia asitoke mpaka pua yake iwe safi mara tatu mfululizo.

Subilaga alisema atakayewahudumia ni yeye. Yeye angebaki kiwango cha pili. Akiambukizwa puani, kitulizo kingemzuia kumwaga bakteria nje. Hakusema upande wa pili wa jambo hilo, lakini Gwantwa, ambaye alikuwa amesikiliza vizuri kuliko wote, alimtazama na kuuliza kama na yeye akishukiwa na bakteria kifuani hatajua.

"Nitajipiga picha kila siku," alisema Subilaga.

*

Siku ya kwanza na ya pili zilipita kwa kungoja. Baridi ya handaki la nne ilipasua midomo. Walivaa makoti ya wachimbaji, wakajifunika mablanketi mawili mawili, na Subilaga akawa anawasomea namba kutoka kwenye kibao cha kielektroniki alichokiunganisha na meza yake: nne, tano, tano na nusu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, Lugano alianza kutetemeka. Meno yalimgongana kwa nguvu hivi kwamba hakuweza kulitamka jina la daktari. Alishika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka, na aliponyamaza kidogo alimwambia Subilaga kwamba anakufa, amwitie mama yake kwenye simu sasa hivi. Alikuwa amezaliwa katika miji ya mahandaki. Tangu atimize mwaka mmoja mwili wake haukuwahi kupata joto kupita kiasi hata siku moja. Hakuwa na neno la kile kilichokuwa kinamtokea.

Subilaga alimwambia. Alimwambia kwamba inaitwa homa, kwamba mtetemo huja kwanza, halafu joto, halafu jasho, na kwamba watu wa zamani waliipata wakiwa watoto mara tatu nne kwa mwaka na wakaenda shule wiki inayofuata. Lakini yeye mwenyewe hakuwa amemwona mtu mzima mwenye homa kwa miaka saba, na sauti yake haikuwa na uzito. Lugano aliendelea kung'ang'ania kile chuma.

Ilomo ndiye aliyeinuka. Aliburuta blanketi lake, akakaa kitandani kwa kijana, akamfunika begani.

"Usikaze mwili," alisema. "Ukikaza unaumia bure. Iache ikupitie, mwanangu. Sasa hivi utasikia joto, utataka kuvua kila kitu. Usivue. Halafu utalowa kama aliyenyeshewa, na hapo utaomba chakula."

Ikawa hivyo hivyo. Lugano alipandwa na joto mpaka nyuzi arobaini, akalalamika, akakohoa makohozi ya rangi ya kutu, akasema maneno yasiyo na kichwa wala miguu kuhusu mtambo wake wa kuchoronga. Subilaga alikaa na kidole juu ya kibao, akitazama protini zikipanda sita, sita na nusu, saba. Namba ilipogusa saba na robo akaishusha. Oksijeni ya damu iliyumba, ikatulia. Saa kumi alasiri jasho lilimtoka kijana hadi godoro likalowa, akalala, na alipoamka aliuliza kama kuna ugali.

Kwa Gwantwa ilikuwa ngumu zaidi. Homa yake haikuja kwa kishindo; iliganda. Siku ya nne usaha ulionekana kusogea kwenye pafu la pili na Subilaga alikuwa na uamuzi ambao hakuna kitabu kilichomwandikia: kuongeza moto ili uwafikie bakteria, au kuupunguza kabla haujatoboa. Alimweleza mgonjwa mwenyewe. Gwantwa, akiongea kwa vipande kati ya pumzi na pumzi, alisema jikoni mchuzi ukigoma kuiva huongezi kuni kwa mkupuo, unaongeza ukuni mmoja, unafunika, unasubiri. Subilaga aliongeza robo, akasubiri saa tatu, akaongeza robo nyingine. Siku ya tano asubuhi wingu lile katika picha lilikuwa limeacha kukua. Jioni yake lilikuwa limepungua kwa upana wa kidole.

Subilaga alienda nyuma ya mapipa ya maji, mahali ambapo hakuna aliyemwona, akalia kidogo, akarudi.

Aliporudi alimkuta Ilomo amekaa wima. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, na kucha zake zilikuwa za buluu, ingawa yeye mwenyewe alisema hajambo na kwamba ni baridi tu. Alikuwa akimtazama Gwantwa, aliyekuwa amelala akipumua polepole na kwa kina.

"Hakupumua kama mdogo wangu," alisema.

"Alipumua hivyo jana," Subilaga alimwambia. "Ulikuwa umelala. Na wewe ukipandishwa utapumua hivyo."

Ilomo aliwaza. Halafu akaukunja mkono wa shati la kushoto na kuunyoosha ule mkono mbele, ingawa kitulizo hakikuhitaji kuguswa.

*

Siku ya sita, kijiti cha pamba ambacho Subilaga alijipitishia puani asubuhi kilibadilika rangi. Alikirudia. Kilibadilika tena. Bakteria walikuwa puani mwake.

Alijipiga picha ya kifua kwa haraka hata ya kwanza ikaharibika. Ya pili ilikuwa safi. Hakusikia maumivu, hakuwa na kamasi, hakuwa na chochote, na ndipo alipoelewa kikamilifu kile Lugano alichosema kule kwenye benchi. Aliwaza kujipandisha mwenyewe. Mwili wake ungewafukuza mapema. Lakini ungewafukuza kwa kuwatoa nje, na ukuta kati ya pua yake na mjukuu wa Mahenge ungebaki kuwa feni na mlango. Akabaki chini. Kuanzia hapo alijipiga picha asubuhi, mchana na jioni.

Kila siku saa sita Mahenge alikuja mlangoni na kusoma majibu ya watoto kupitia simu ya ukutani. Wasaidizi wa zahanati waliwapima wote arobaini na mmoja kila alfajiri. Alisoma majina yote, moja moja, hakuruka hata moja, na mwishoni mwa kila jina alisema "safi". Alipofika kwa Tusekile hakubadilisha sauti. Siku ya saba Subilaga alimwambia kuhusu pua yake. Mhandisi akamuuliza kama amekula.

Upepo ulitulia siku ya nane, saa tatu asubuhi, ghafla kama mtu aliyefunga mlango. Saa tano ndege isiyo na rubani ilitua kwenye mdomo wa mji ikiwa na katoni tatu za dawa. Gwantwa na Lugano waliihitaji kidogo tu, kumalizia. Ilomo aliihitaji sana. Alikuwa katikati ya homa yake, akipumua ile pumzi aliyoiogopa maisha yake yote, na sindano ya kwanza ilimkuta akiwa kiwango cha sita na nusu, mwili wake ukiwa umekwisha fanya nusu ya kazi. Siku mbili baadaye alikuwa akigombana na Lugano kuhusu nani aliyekohoa kwa sauti zaidi.

Baraza la mji lilikaa wakati wao wangali handakini. Mahenge alileta hoja kwamba kiwango cha mji kibaki cha pili, lakini kila mtu awe na haki ya kuisoma namba yake mwenyewe, na kwamba zahanati ipige picha ya kifua ya kila mkazi kila mwezi. Mjane wa Andongwisye alisimama akauliza kwa nini hilo halikufanyika mwezi uliopita. Subilaga, aliyekuwa akisikiliza kwa simu, aliomba ajibu yeye. Alisema halikufanyika kwa sababu yeye, daktari wao, aliamini kwamba mtu asiyeumwa ni mzima. Mjane alisema amesikia, akakaa. Hoja ilipita.

*

Wagonjwa watatu walitoka kwanza. Subilaga alibaki peke yake siku nne zaidi, akinywa dawa, akijipima, akisafisha sakafu iliyokuwa imeshasafishwa. Gwantwa alileta kiti na kukaa upande wa pili wa mlango kila baada ya chakula cha mchana, akamsimulia kwa simu ya ukutani kila kilichoharibiwa jikoni wakati hayupo, mpaka Subilaga akacheka na kuegemeza kichwa kwenye chuma baridi.

Kijiti cha tatu kilibaki cheupe. Alikitazama dakika kumi zaidi ya zinazotakiwa, kisha akabonyeza kitufe cha mlango.

Nje alikuwepo Mahenge, na mikononi alikuwa na Tusekile, amefungwa kitenge cha kijani, mashavu mekundu kwa joto la mji. Mhandisi alimuuliza daktari kama angependa kumbeba. Subilaga alisema anawe kwanza. Alinawa hadi viwiko, akajifuta, akampokea mtoto, na mtoto akamtazama kwa umakini wote wa miezi minane, akakunja uso, akapiga chafya. Kamasi nyembamba ikamteremkia mdomoni.

Subilaga alimgeukia Mahenge, na akamwona mtu yule mzito anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu wajuane.

"Nimempima mara nne tangu jana," alisema. "Mafua, Daktari. Ni mafua tu."

Subilaga alichukua ncha ya kitenge, akamfuta mtoto pua.